Joseph Murumbi: Makamu wa Rais aliyependa zaidi vitabu, stempu na miti

Barabara ya Kenyatta inapokutana na Uhuru Highway, chini ya kivuli cha Nyayo House, pana jengo la mawe ambalo wengi hulipita bila kuligeukia. Lilijengwa mwaka 1913. Enzi za ukoloni, waliotaka kusajili mtoto aliyezaliwa, ndoa iliyofungwa au mtu aliyekufa walikwenda pale. Baadaye likawa ofisi ya Mkuu wa Mkoa, na umbali wa barabara kutoka Nairobi ulikuwa ukihesabiwa kuanzia hapo. Karani wa daftari zile aliandika maisha ya mtu kwa mistari mitatu: amezaliwa, ameoa, amefariki. Mtu huyo alipenda nini akitoka kazini, alitunza nini kabatini, jioni alikuwa akishika kitabu gani, hayo hayakuwa na safu.

Siku hizi jengo hilo ni Nairobi Gallery, mojawapo ya nyumba za Makavazi ya Kitaifa, na vyumba vyake vimejaa hasa yale ambayo karani hakuyauliza. Mna vitambaa, mapambo ya shanga na fedha, sanamu, samani, stempu na vitabu, vyote vilivyokusanywa na mume na mke, Joseph na Sheila Murumbi. Mtu akiingia bila kuambiwa chochote atadhani wenyewe walikuwa wafanyabiashara wa sanaa au walimu wa chuo kikuu. Mume alikuwa Makamu wa pili wa Rais wa Kenya.

Murumbi hutajwa shuleni kwa sentensi moja, katikati ya Jaramogi Oginga Odinga aliyemtangulia na Daniel arap Moi aliyemfuata. Cheo chenyewe alikishika mwaka 1966 kwa miezi michache tu. Ukijumlisha na uwaziri, kazi yake serikalini haikufika miaka minne. Uraibu wake ulichukua zaidi ya miaka thelathini, na kwa maoni yangu ndio uliotufaa zaidi sisi tuliobaki.

Alizaliwa tarehe 18 Juni 1911 Eldama Ravine, kituo kidogo cha utawala wa kikoloni katika Bonde la Ufa. Baba yake, Peter Zuzarte, alikuwa mfanyabiashara mwenye asili ya Goa. Mama yake, Njambiki, alikuwa Mmaasai, binti wa ukoo wa laibon, yaani kiongozi wa kiroho. Akiwa bado mtoto mdogo alipelekwa India kusoma, akakaa Bangalore na baadaye Bellary chini ya mapadri na masista, mbali na wazazi wote wawili. Aliporudi mwanzoni mwa miaka ya 1930 alikuwa kijana wa miaka ishirini hivi, mwenye jina la Kigoa na lafudhi ya shule za misheni za India, katika nchi aliyoiacha akiwa hajaijua vizuri.

Nairobi aliyoikuta ilikuwa imegawanywa kwa rangi. Wazungu walikaa Muthaiga na kwenye vilima vya magharibi, Wahindi Parklands na Ngara, Waafrika mashariki ya reli. Mtu wa damu mbili alitakiwa kuchagua upande, na aliyekuwa na baba wa Kigoa angeweza kujipatia nafuu kwa kubaki Zuzarte: mshahara bora kuliko wa Mwafrika, mahali bora pa kulala, kitambulisho kisichosumbuliwa sana. Yeye alichukua jina la babu yake mzaa mama. Nadhani mengi ya baadaye yanaanzia hapa. Aliyelelewa ugenini akilazimika kutafuta kwao mwenyewe huwa na jicho la kuona thamani ya vitu ambavyo waliokulia navyo wanavitupa.

Kabla ya siasa alifanya kazi za ukarani, kisha akaenda Somalia, ambako aliutumikia utawala wa kijeshi wa Waingereza kwa takriban mwongo mzima baada ya Waitaliano kufukuzwa mwaka 1941. Aliporejea mapema miaka ya 1950 alikutana na Pio Gama Pinto, kijana wa Kigoa mzaliwa wa Nairobi, mdogo kwake kwa miaka kumi na sita, na ni Pinto aliyemwingiza katika siasa za Kenya African Union. Tarehe 20 Oktoba 1952 hali ya hatari ilitangazwa. Jomo Kenyatta na wenzake walikamatwa, na Murumbi akajikuta kaimu katibu mkuu wa chama ambacho viongozi wake walikuwa gerezani. Yeye na Pinto walihangaika kutafuta mawakili wa kuwatetea waliokamatwa katika kesi ya Kapenguria na fedha za kuwalipa mawakili hao. Mwaka uliofuata alitoka nchini kwenda kuwaeleza walimwengu yaliyokuwa yakitendeka. Alipitia India na Misri, akaishia London. Pinto alibaki nyumbani, akatiwa kizuizini kisiwani Manda, Lamu.

Ughaibuni alikaa karibu miaka tisa. Alifanya kazi na Movement for Colonial Freedom, kikundi kilichoundwa mwaka 1954 na wabunge kama Fenner Brockway kupinga ukoloni, kisha akaajiriwa katika ubalozi wa Morocco. Hakuwa mtu wa fedha. Hata hivyo London ya wakati ule ilikuwa na maduka na vibanda vya vitabu vikuukuu ambako kitabu cha msafiri au mmisionari aliyeandika juu ya Afrika katika karne ya 19 kiliweza kupatikana kwa bei ambayo karani angeimudu. Alianza kununua, na hakuacha tena.

Huko huko ndiko alikokutana na Sheila, Mwingereza aliyekuwa mkutubi. Naona bahati hiyo haitajwi inavyostahili. Wake wengi wa wakusanyaji huishia kulalamika kwamba nyumba imejaa takataka na pa kukaa hakuna. Huyu alijua kitabu huhifadhiwaje, huorodheshwaje, na kwa nini nakala ya kwanza yenye jalada lake si sawa na ile iliyochapishwa upya. Hapakuwa na wa kumvumilia mwenzake: waliwinda vitu wote wawili, wakasafiri pamoja, wakabishana juu ya nini kinunuliwe. Mapambo na vitambaa vinavyoonyeshwa leo Nairobi vina macho yake yeye Sheila. Ukiuliza mapenzi ya ndoa ya watu hawa yalionekana wapi, jibu limo ndani ya makabati yale ya vioo.

Murumbi alirudi Kenya mwaka 1962. Uchaguzi wa 1963 ulimpeleka Bungeni kama mbunge wa Nairobi Kusini, Kenyatta akamfanya Waziri wa Nchi katika ofisi ya Waziri Mkuu, kisha Waziri wa Mambo ya Nje. Nchi changa ilihitaji balozi katika miji mikuu ya dunia, naye akasafiri sana kuzianzisha. Waziri mwingine angerudi na suti. Yeye alirudi na vinyago, nguo zilizofumwa kwa mkono, vitabu, na stempu.

Stempu zinastahili maelezo kidogo, maana vijana wa leo wanaweza wasielewe mtu mzima mwenye wizara anakaa usiku na kibano na miwani ya kukuzia akitazama vikaratasi. Anayekusanya stempu za sehemu hii ya dunia husoma historia ya utawala bila kufungua kitabu. Kuna zile za mwaka 1890 za kampuni ya Imperial British East Africa, wakati nchi nzima ilikuwa mali ya wanahisa. Zinakuja zile zenye jina la Kenya, Uganda na Tanganyika kwa pamoja na kichwa cha mfalme wa Uingereza, kana kwamba nchi tatu ni shamba moja. Halafu, Desemba 1963, Kenya inatoa stempu zake yenyewe. Kila serikali iliyoingia Afrika iliweka picha yake kwenye bahasha, na kila iliyotoka iliacha ushahidi. Murumbi alikusanya za Afrika kwa wingi na kwa utaratibu, na stempu hizo leo ni sehemu muhimu ya hazina aliyoiacha.

Kisha ikaja tarehe 24 Februari 1965. Asubuhi hiyo Pinto, aliyekuwa ametimiza miaka thelathini na saba tu, alipigwa risasi ndani ya gari lake langoni mwa nyumba yake Westlands, akiwa na bintiye mdogo kiti cha nyuma. Yalikuwa mauaji ya kwanza ya kisiasa baada ya uhuru, na hadi leo Kenya haijaambiwa nani aliyetoa amri. Murumbi alimpoteza rafiki aliyemfundisha siasa, katika serikali ambayo yeye mwenyewe alikuwa waziri.

Aliendelea kwa muda. Jaramogi alipojiuzulu mwaka 1966, Kenyatta alimteua Murumbi kushika nafasi hiyo mwezi Mei. Mwaka haukuisha kabla naye hajaandika barua ya kuondoka. Afya ndiyo sababu iliyotajwa hadharani. Waliokuwa karibu naye hawakuacha kutaja kifo cha Pinto na uroho wa mali aliouona ukianza kuwaingia wenzake. Januari 1967 Moi alichukua kiti, akakikalia hadi alipokuwa Rais mwaka 1978. Wapo wanaosema Murumbi alikimbia, kwamba mtu mwema akitoka nafasi yake hushikwa na mwingine. Hoja hiyo ina uzito, na sitaipuuza. Lakini sijaona ushahidi kwamba mtu asiyekuwa na kabila kubwa nyuma yake, wala tamaa ya kujijengea kundi, angeweza kugeuza mkondo wa maji yale peke yake.

Alipotoka alikuwa na miaka hamsini na mitano, umri ambao wanasiasa wetu wengi ndio kwanza huanza kupigania ugavana. Alikuwa mwenyekiti wa kampuni ya sigara ya Rothmans hapa nchini, akaitumikia idara changa ya kumbukumbu za taifa. Muda uliobaki aliurudisha kwa Sheila na kwa vitu vyao. Nyumba yao ya Muthaiga ilijaa vitabu na kazi za sanaa, na bustani yake aliipanda miti ya kiasili, akiijua na kuitunza mmoja mmoja. Wasanii, wasomi na wageni wa kila nchi walipita hapo.

Mmojawapo alikuwa Alan Donovan, Mmarekani aliyekuja Afrika kufanya kazi ya misaada Nigeria wakati wa vita vya Biafra, akafika Kenya mwaka 1970 na kuwapenda mafundi wa Turkana. Murumbi alikuwa na ndoto ya duka na jumba la sanaa la Afrika nzima, mahali ambapo mchongaji wa Kisii na mfumaji wa Nigeria wangeuziwa kazi zao bila kubandikwa jina la vikumbusho vya watalii. Mapema miaka ya 1970 yeye, Sheila na Donovan walianzisha African Heritage katika Barabara ya Kenyatta. Waliokuwa vijana mjini wakati ule wanakumbuka muziki wa pale pia. Bendi ya African Heritage ndiyo iliyomtoa Job Seda, ambaye ulimwengu ulimjua baadaye kwa jina la Ayub Ogada na nyatiti yake. Duka lilikuja kufungwa, na Donovan alifariki mwaka 2021, lakini ukiona leo kijana wa Nairobi amevaa shanga nzito za shaba na mfupa na kuona fahari, ujue mtindo huo ulipitia kwanza kwenye meza za duka hilo.

Sasa tufike kwenye sehemu inayoudhi. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1970 Murumbi aliamua kuiachia Serikali ya Kenya nyumba ya Muthaiga pamoja na sehemu kubwa ya hazina yake. Mkutubani mlikuwa na vitabu zaidi ya 8,000 vilivyochapishwa kabla ya mwaka 1900, achilia mbali vya baadaye, nyaraka na barua. Wanunuzi wa nje walikuwa tayari kulipa fedha nyingi. Aliwakatalia, akaiuzia nchi yake kwa bei ya chini, kwa makubaliano kwamba nyumba igeuzwe kuwa taasisi ya taaluma za Kiafrika yenye jina lake, watafiti waje wasome pale pale vitabu vilipokuwa.

Taasisi haikuwahi kuwapo. Nyumba ilibomolewa, na miti aliyoipanda ikakatwa. Sina neno la upole kwa jambo hili. Mtu alipewa nafasi ya kuuza kwa Marekani au Ulaya, akachagua kuamini serikali aliyoisaidia kuzaliwa, nayo ikaona kiwanja. Kila Mkenya anayejiuliza kwa nini hati na michoro yetu mizuri imo katika nyumba za watu wa nje anaweza kuanzia swali lake Muthaiga.

Vitabu na vinyago angalau vilinusurika. Vilihamishiwa Moi Avenue, katika jengo la zamani la Bank of India lililokuwa limetengwa kuwa makao ya kumbukumbu za taifa, mkabala na jengo lililokuwa hoteli ya Hilton. Nairobi nzima inalijua jengo hilo, ila kwa sababu nyingine. "Tukutane Archives," watu huambiana, na maelfu husimama ngazini pake kila siku kumsubiri rafiki, kuuza simu, kusikiliza mhubiri au kutafuta matatu ya kwenda nyumbani. Hatua chache kutoka hapo, upande wa ndani wa mlango, ukumbi wote wa chini ni wa Murumbi: vinyago vya Afrika Magharibi, silaha, ala za muziki, viti, vitambaa. Ghorofani wasomaji hupekua faili za utawala wa kikoloni. Wanaosubiriana nje ni wengi kupita kiasi wakilinganishwa na wanaoingia.

Baada ya Muthaiga, Joseph na Sheila walihamia Transmara, kwa Wamaasai wa upande wa mama, wakajenga nyumba kubwa katika ranchi waliyoiita Intona. Expedito Mwebe, fundi kutoka Uganda, alikuwa miongoni mwa waliochonga samani zake. Kijana aliyepelekwa India akiwa mtoto alikuwa sasa mzee wa ng'ombe na miti, karibu na ndugu aliowachagua alipochukua jina lao. Haikuwa ya kudumu. Kiharusi kilimpata, miaka yake ya mwisho akaipitisha Nairobi kwenye kiti cha magurudumu, Sheila akimuuguza. Alifariki tarehe 22 Juni 1990, siku nne baada ya kutimiza miaka sabini na tisa.

Hakuomba kuzikwa Transmara wala Eldama Ravine. Aliomba alazwe karibu na Pinto, katika makaburi ya City Park, Parklands. Makaburi hayo hayakuwa na nafasi tena, basi akazikwa nje yake kidogo, ndani ya bustani, mahali palipokaribiana zaidi na rafiki yake. Sheila alimfuata mwaka 2000 na amelala hapo hapo. Kwa miaka mingi eneo hilo lilikuwa hatarini, kwani City Park, msitu wa mjini wenye tumbili na ndege wa kila rangi, ulikuwa ukimegwa na wanyakuzi wa ardhi. Mwaka 2009 palifunguliwa bustani ya kumbukumbu ya Murumbi, yenye sanamu za mawe na mbao za wasanii ambao alizipenda kazi zao, akiwamo Elkana Ong'esa wa Tabaka, Kisii, na Francis Nnaggenda wa Uganda. Wanaofika pale Jumapili wengi ni familia zenye watoto, zimekuja kuwalisha tumbili njugu.

Nasoma kurasa za tanzia katika magazeti yetu kila wiki. Tunaorodhesha vyeo, kampuni, kamati za kanisa, watoto na nchi wanakoishi. Ni nadra kuona ikiandikwa kwamba marehemu alikuwa na kanda mia tatu za benga, au alichora, au alifuga njiwa, au aliweka kila tiketi ya mechi ya Gor Mahia tangu alipokuwa kijana. Mazishi yakiisha, vitu hivyo hutolewa nje na kuchomwa, kwa kuwa warithi wamekuja na lori la kubeba samani. Pengine katika nyumba fulani ya Kangemi au Kawangware kuna kabati ambalo mtafiti wa mwaka 2060 angelilipia nauli ya ndege ili alione.

Kwa hiyo nina maombi mawili. La kwanza ni kwa Serikali: makubaliano na Murumbi hayajatimizwa, na kiwanja cha Muthaiga si udhuru, maana taasisi ya taaluma za Kiafrika inaweza kujengwa popote penye rafu, paa lisilovuja na wakutubi wanaolipwa. Vitabu vipo. La pili ni kwako msomaji: ukimsubiri mtu pale Archives Jumamosi hii, naye akakwambia yuko njiani, kata tiketi uingie ndani. Kiingilio ni kidogo, na katika foleni za Nairobi huenda ukapata muda wa kuuona ukumbi wote kabla hajafika.